Paka Hahesabiwi Mpaka Augue

Muulize mtu wa Kinondo anafuga nini, atakuhesabia vizuri tu: mbuzi wanne, kuku kumi na kitu, labda ng'ombe mmoja aliyeachwa kwa mjomba. Hutamsikia akitaja paka. Paka yupo tu, amelala mkekani, au yuko juu kwenye makuti akimsaka panya. Mbwa naye, kwa wale walio naye, hutajwa kama panga au jembe: "Tuna mbwa wa kufukuza nyani." Na kwa kuwa hawahesabiwi kwenye mali, hawahesabiwi kwenye matumizi pia. Bajeti ya nyumba ina unga, ada ya shule, tokeni za stima, mchango wa arusi. Mstari wa paka haumo.

Halafu mnyama anaugua, tena usiku, na hapo ndipo simu zinapoanza kuingia kwetu. Pesa imekwenda namba isiyo yake. Mkopo wa haraka umechukuliwa na sasa unakata kila kinachoingia. Mtu aliyejiita daktari amelipwa na hakutokea. Kwa hivyo leo hatuzungumzii biashara wala karo. Tunazungumzia wanyama wa nyumbani, raha yao na bili zao, kwa kupitia kisa cha mteja wetu mmoja wa Kinondo aliyetukubalia tukisimulie bila kutaja jina lake.

Raha kwanza

Mteja wetu ni mama karanga. Asubuhi yuko ufuoni mashua zikirudi, ananunua samaki, anakwenda nyumbani kuwasafisha na kuwakaanga, na jioni anauza kando ya njia. Wateja wake wengi humlipa kwa simu. Unaweza kudhani mtu wa kazi hiyo angewachukia paka, lakini anao watatu, na anasema wao ndio askari wa unga wake. Tangu waje, panya hawajatoboa gunia.

Anatuambia paka hao wanaijua saa. Hawasumbuki na adhuhuri wala na wageni, ila karai likiwekwa tu mekoni, wote watatu wamejipanga mlangoni kama watu wanaongoja kivuko cha Likoni. Mmoja, mweupe mwenye doa sikioni, humpokea njiani kila akitoka ufuoni, na si kwa mapenzi matupu, maana anajua kapu lina nini. Mjukuu wake wa miaka sita hapati usingizi mpaka paka huyo awe miguuni. Wakati wa Ramadhani, daku ikifika, paka ndiye anayeamka kabla ya mwenye nyumba.

Mbwa ni habari nyingine. Kwa majirani wengi wa Kinondo, ambao ni Waislamu, mbwa haingii ndani, na mate yake yakigusa chombo kuna utaratibu wake wa kukitwaharisha. Lakini hilo halijawahi kumfanya mbwa awe adui. Kumweka kwa ulinzi wa shamba na mifugo kunajulikana tangu zamani, na wengi wetu tulisimuliwa madrasani habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Na shamba lililo karibu na msitu linataka mlinzi. Kinondo ina Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Penye miti kuna nyani na tumbili, na penye mahindi mabichi watafika. Mbwa wa ndugu yake mama karanga, anayeitwa Simba kama nusu ya mbwa wote wa Kenya, kazi yake ni hiyo.

Usiku wa Simba

Simu ililia baada ya saa tatu usiku. Alikuwa mtoto wa ndugu yake, anayelala shambani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona usiku? Kuna nini?"

"Simba hali. Tangu jana hajatia kitu kinywani. Na mkojo wake ni mwekundu, kama chai ya rangi."

"Umempa nini?"

"Bado, shangazi. Jirani asema nimpe Panadol."

Tusimame hapo kidogo. Dawa za binadamu za maumivu si za wanyama. Kwa paka, kidonge kimoja cha paracetamol chaweza kumuua, na mbwa huweza kutoboka tumbo au kuharibika figo kwa dawa kama ibuprofen na diclofenac. Kidonge ni cha shilingi chache pale dukani, kwa hivyo kinaonekana kama akiba. Kwa bahati shangazi alisema ngoja.

Akaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, akauliza kama kuna anayemjua daktari wa mifugo. Dakika haikupita, namba ikaletwa. Akapiga. Sauti ilikuwa ya heshima sana: "Mama, nakuja sasa hivi, lakini nitumie 1,500 ya mafuta na dawa kwanza." Mama alikuwa na 2,400 kwenye simu, nayo ndiyo pesa ya samaki wa kesho. Akatuma. Jina lililotokea kwenye skrini halikufanana hata kidogo na alilojitambulisha nalo yule mtu, lakini usiku ule nani angeangalia? Walingoja mpaka saa sita. Namba ikawa haipatikani.

Asubuhi jirani aliwaunganisha na daktari wa kweli kutoka upande wa Ukunda. Alifika kwa pikipiki, akamkagua Simba ufizi (ulikuwa umefifia kabisa), akamkuta na kupe wengi masikioni na katikati ya vidole, na akasema ni homa ya kupe. Sindano, dawa ya kuendelea nayo, dawa ya kupe, na nauli, jumla 3,500. Mama alibaki na 900. Zile 2,600 zilizopungua alizichukua kwenye mkopo wa papo hapo wa simu.

Simba alikula siku ya tatu. Lakini hesabu ya mama ilikuwa bado haijaisha, na hiki ndicho kipande cha kisa ambacho tungependa usikipite haraka.

Mkopo wa papo hapo hujilipa wenyewe. Pesa yoyote ikiingia kwenye laini, deni linakatwa kwanza, na kila siku inayopita bila kulipwa ina ada yake. Kwa mfanyakazi anayengoja mshahara hilo halina shida kubwa. Kwa mama karanga, kila aliyemlipa sahani ya samaki jioni ile alikuwa, bila kujua, analipa deni la mbwa. Kesho yake asubuhi mashua ziliporudi hakuwa na pesa ya kununulia. Siku mbili hakukaanga. Ukijumlisha 1,500 za tapeli, 3,500 za daktari, ada ya mkopo na siku mbili bila mauzo, kupe wale walimgharimu kuliko mbuzi.

Yapo maswali mawili tunayoulizwa hapa. La kwanza: je, tungeweza kuirudisha ile 1,500? Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, tupigie mara moja, kabla aliyepokea hajaitoa, na mara nyingi kuna la kufanya. Lakini pesa uliyomtumia mwenyewe mtu uliyemkusudia, kwa ahadi aliyoivunja, ni jambo jingine. Hapo tunapokea ripoti na namba hiyo inachunguzwa, na polisi nao wapelekewe, ila tusikudanganye kwamba itarudi jioni hiyo hiyo. Ndiyo maana ile sekunde ya kusoma jina kabla pesa haijaondoka ina thamani kuliko simu yoyote utakayotupigia baadaye.

La pili: alipaswa kukopa? Sisi tunauza huduma hiyo, kwa hivyo mtatusamehe tukisema wazi. Kama laini hiyo hiyo ndiyo inayopokea malipo ya biashara yako, mkopo wa papo hapo uwe wa mwisho kuufikiria. Daktari wengi wa mashinani hukubali kulipwa mara mbili, nusu leo na nusu Ijumaa. Muulize. Mama hakuuliza kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo ilimgharimu siku mbili za kazi.

Jinsi ya kumjua daktari

Kenya ina sheria ya madaktari na wasaidizi wa mifugo ya mwaka 2011, na ipo bodi, Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, inayowasajili. Kila aliyesajiliwa ana namba yake. Kumuomba namba hiyo si utovu wa adabu, na mwenye nayo huitaja bila kununa. Ofisi ya mifugo ya kaunti pia inawajua wanaofanya kazi eneo lako.

Kuhusu malipo, ikiwezekana lipa kwenye namba ya tili ya kliniki au duka lake la dawa, ambapo jina la biashara litatokea. Lipa baada ya kazi. Akitaka nauli kwanza, iwe nauli tu, na jina litakalotokea liwe ndilo alilokuambia. Jina likiwa tofauti, kata simu. Afadhali mbwa angoje saa moja zaidi kuliko pesa ya daktari iende kwa mtu ambaye hajawahi kushika hata kuku.

Namba za madaktari zitafute leo, mnyama akiwa mzima, uziandike kwenye simu. Saa tatu usiku si wakati wa kufanya upelelezi.

Kupe, minyoo, na shilingi ishirini

Pwani yetu ina joto na unyevu, na kupe wanapapenda kama watalii. Mbwa wa shamba atawaokota kila siku. Kumkagua masikio, kwapa na vidole jioni hakuna gharama. Dawa ya kupe ipo ya aina nyingi, lakini angalizo moja: dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake paka. Paka hujilamba mwili mzima, na baadhi ya dawa zinazovumiliwa na mbwa au ng'ombe, kwa paka ni sumu. Dawa ya minyoo kwa mbwa na paka wakubwa kwa kawaida ni kila miezi mitatu, na watoto wao huanza mapema na hupewa mara nyingi zaidi.

Sasa pesa itatoka wapi? Ukiweka shilingi 20 kila siku kwenye akiba ya simu, kwa mwezi wa siku thelathini ni 600, na kwa mwaka ni 7,300. Bili ya Simba ingelipwa mara mbili na chenji ikabaki. Wateja wengi huona 20 ni ndogo mno kuiwekea akiba, wakangoja wapate elfu. Elfu haiji, au ikija inakuta harusi. Fungua akiba ya lengo, uipe jina ("wanyama" linatosha, au jina la paka mwenyewe), na uifunge isitoke kwa kubonyeza mara moja. Ukiiacha kwenye salio la kawaida itakuwa vocha na mandazi kabla ya Alhamisi.

Chanjo, na kwa nini mwite majirani

Hapa tunaacha utani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Na watu wengi mno wanaokipata duniani wamekipata kwa mbwa, si kwa mnyama wa mwituni. Kenya iliweka mkakati wa taifa wa kukiondoa kati ya 2014 na 2030, na nguzo yake kubwa ni kumchanja mbwa. Paka pia huchanjwa, jambo ambalo wengi hawalijui. Chanjo ya kwanza ni akiwa na miezi mitatu, kisha irudiwe kila mwaka.

Kuna siri ndogo ya bei ambayo watu hawaijui. Chanjo hii mara nyingi huja kwenye chupa ya dozi kumi, na chupa ikifunguliwa haikai. Pia lazima ibaki kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, tangu friji mpaka kwenye sindano. Kwa hivyo daktari kusafiri na kufungua chupa kwa ajili ya mbwa mmoja ni hasara kwake, na hasara hiyo utailipa wewe. Mkiwa nyumba sita zenye mbwa na paka kumi, kila kitu kinabadilika. Tuchukue mfano wa nauli ya 600 kwenda na kurudi: peke yako ni 600, kwa nyumba sita ni 100 kila mmoja. Mmoja akusanye kwa simu, ajumbe meseji kwenye kundi kila mchango ukiingia ili asiulizwe baadaye, kisha amlipe daktari mara moja kwa tili. Na daktari akifika, angalia kama dawa iko kwenye kikasha cha barafu. Ikiwa imetoka mfukoni mwa koti, msilipe.

Kabla ya kuchangishana, ulizeni kwanza ofisi ya mifugo kama kuna kampeni ya chanjo iliyo karibu. Kampeni kama hizo mara nyingi hufanywa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingine huwa bure.

Na mtu akiumwa? Osha kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Ni muda mrefu kuliko unavyofikiri, kwa hivyo tumia saa. Usitie pilipili, mafuta wala majivu. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jino limekwaruza tu, hasa akiwa mtoto. Piga simu kwanza uulize kama chanjo ipo, iwe hospitali ya rufaa ya Msambweni au kituo kilicho karibu, ili usipoteze nauli. Chanjo ya binadamu ni dozi kadhaa kwa tarehe maalum, na kila tarehe ina nauli yake. Familia nyingi hulipa ya kwanza na kuiacha ya tatu kwa sababu pesa imekwisha. Ikiwa kuna mahali pa kukopa bila aibu, kwa ndugu, chama au simu, ni hapa. Mbwa mwenyewe, kama anajulikana na yuko hai, asiuawe kwa hasira. Afungwe na aangaliwe kwa siku kumi, maana hali yake itawaambia madaktari mengi.

Paka wa mwaka huu, paka wa mwakani

Paka jike hubeba mimba kama miezi miwili tu, na anaweza kuanza akiwa na miezi minne, wakati wewe bado unamwita mtoto. Anaweza pia kushika nyingine akiwa ananyonyesha. Mama karanga wetu alianza na mmoja, na mwaka uliofuata alikuwa na tisa. Sita aliwagawa kwa tabu, kwa sababu kila jirani tayari ana wake. Kumfunga kizazi kunaonekana ghali siku ya kulipa, lakini weka kando yake dagaa, minyoo, na usumbufu wa kutafutia vitoto nyumba mara mbili tatu kila mwaka. Hili ni lengo zuri la akiba, maana tarehe unaichagua wewe.

Kijibwa cha picha

Ulaghai mwingine tunaouona ni wa kuuza watoto wa mbwa wa kigeni mtandaoni. Picha nzuri, bei ya chini ajabu, muuzaji yuko mji wa mbali. "Tuma nusu, ninamtia kwenye basi usiku." Ukituma nusu, asubuhi kuna pesa ya kreti, kisha pesa ya cheti, kisha pesa ya dereva. Mbwa huyo hayupo, na picha ni ya mtu mwingine. Omba simu ya video umwone mbwa akitajwa jina lako, na ulipe ukiwa umemshika. Hakuna muuzaji wa kweli atakayekasirika kwa hilo.

Ukiuziwa tumbili, usinunue kabisa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumfuga bila kibali, na malipo yako ya simu yatabaki kwenye kumbukumbu, yana jina lako na saa uliyolipa.

Meseji ni kadi ya kliniki

Kadi ya chanjo hupotea, hulowa, au huliwa na mbuzi. Meseji ya malipo haipotei hivyo. Kila unapomlipa daktari au duka la dawa ya mifugo, andika mahali jina linalotokea kwenye meseji ya malipo. Baada ya mwaka, ukitafuta jina hilo kwenye meseji zako utaona tarehe zote: lini alichanjwa, lini alipewa dawa ya minyoo. Meseji zikifutika, omba taarifa ya akaunti. Ukumbusho wa kalenda weka siku hiyo hiyo unapolipa, kabla hujaweka simu chini.

Mama karanga sasa ana laini mbili. Moja ni ya samaki, na haigusi. Nyingine ina akiba iliyofungwa, anaitia shilingi 20 kila jioni baada ya kuzima jiko. Mwezi uliopita ilitoka mara ya kwanza: kupe wa Simba, na dawa ya minyoo ya paka watatu, kwenye tili, jina likiwa sawasawa.